Matofali Yaliyofunuliwa Jumapili

Nyumbani kwetu mtu wa matofali ni bibi. Mama anajua kuuza vitenge, mimi najua kuandika mambo kwenye daftari na kunyamaza, lakini bibi ukimpitisha mahali popote penye ukuta, atasimama. Atagonga kwa kidole, ataweka sikio, halafu atatoa hukumu: "Huu utafika mbali," au, "Hapa watu wamekula sementi." Mara moja aligonga ukuta wa benki moja katikati ya mji mpaka mlinzi akatoka kuuliza kama kuna shida. Bibi akamwambia hakuna shida, ukuta ni mzuri, akae na amani.

Nyumba yetu ya Gatumba aliijenga yeye. Si kwamba aliwalipa watu waijenge. Aliukanyaga udongo kwa miguu yake, akaujaza kwenye fremu ya mbao, akayaanika matofali juani, akayageuza ubavu kwa ubavu mpaka yakawa meupe na magumu. Hayo ndiyo matofali ya rukarakara, ya udongo usiochomwa, na ukimuuliza bibi atakwambia hakuna mtu Gatumba nzima aliyeyajua kama yeye. Kisha mto Rusizi ukatoka mahali pake. Maji yalikaa ndani ya nyumba siku nyingi, na tuliporudi kuangalia, ukuta wa chumba cha bibi ulikuwa umelala chini umekuwa tope tena. Bibi alichota tope kidogo mkononi, akalinusa, akasema, "Udongo wenyewe haukuwa na kosa."

Tangu siku hiyo tulikaa Ngagara, mjini Bujumbura, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mjomba. Tulikuwa watatu: bibi na mama kitandani, mimi chini kwenye godoro. Baba yuko Uvira na watoto wake wengine; hilo si la kuandika hapa. Mke wa mjomba si mtu mbaya, kusema kweli, lakini mwaka wa kwanza alituita wageni, mwaka wa pili akaacha kutuita chochote, na mwaka huu akanunua kufuli ya choo. Ufunguo ulikuwa kwake. Mimi, mtu ninayeona haya hata kuomba chaki darasani, nilijifunza kukaa na haja zangu mpaka shuleni.

Kwa hiyo mtaelewa mama alivyokimbia kujiandikisha wakati komini, serikali yetu ya mtaa, ilipotangaza nyumba mpya. Zilikuwa nyumba za safu tatu, kwenye kiwanja kilicho mwendo wa karibu robo saa kwa miguu kutoka Ngagara, za watu waliofukuzwa na maji na wengine wasioweza kodi za mjini. Malipo yangekuwa kidogo kidogo kila mwezi. Majina yaliwekwa kwenye ndoo ya plastiki, mtu akafumba macho akatoa, na jina la mama likatoka. Alirudi nyumbani anacheka peke yake barabarani. Bibi alimngojea mlangoni na swali moja tu.

"Matofali gani?"

"Ya kubana, mama. Kuna mashine. Hayachomwi."

"Hayachomwi?"

"Wanasema kuchoma kunamaliza miti, tena nyumba inakuwa oveni."

"Sawa. Basi yanaanikwa."

"Hayaanikwi. Yanafunikwa."

Bibi akarudi kwenye maharage aliyokuwa anachambua. "Komini imeshikwa na wazimu," akasema.

Siku ya kwanza ya kazi tulikwenda wote watatu. Ilikuwa likizo kubwa, kiangazi kimeshika, vumbi mpaka kwenye meno. Enjenyeri wa komini alikuwa mwanamke kijana mwenye buti za mpira na kilemba cha kitenge, anatafuna karanga muda wote, anaongea Kiswahili na Kirundi na Kifaransa katika sentensi moja. Alitueleza jinsi nyumba zitakavyokuwa. Kuta nene za udongo uliochanganywa na sementi kidogo sana, ili jua la mchana lichelewe kuingia. Madirisha hayatazami magharibi. Chini ya paa kuna matundu ya kutolea hewa ya moto. Juu ya sebule bati moja linalopitisha mwanga, ili mtu asiwashe taa mchana. Paneli ya umeme wa jua, na jiko la ndani lenye bomba, linalokula nusu ya makaa tuliyozoea.

"Na wezi wanaingia kwenye matundu?" bibi akauliza.

"Bibi, mwizi gani ana mwili wa popo?"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Alikuwa anausugua udongo wa enjenyeri kati ya vidole vyake, na nilimwona anaukubali, ingawa hakutaka.

Utaratibu ulikuwa huu. Kila familia ingebana matofali ya nyumba yake yenyewe, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mafundi wa komini wangejenga. Tofali likitoka kwenye mashine linawekwa kwenye rundo la familia, rundo linafunikwa na shitingi, ile plastiki ngumu ambayo sisi wa mafuriko tunaijua kuliko shuka zetu, na kila siku linamwagiwa maji. Sementi iliyo ndani inahitaji unyevu ili ishike. Wiki ya kwanza ndiyo roho ya kazi, enjenyeri alisema, akarudia mara tatu, akatuambia na sisi tuseme. Tukasema wote, mimi kwa midomo tu. Baada ya wiki nne angechukua tofali moja kutoka kila rundo, alilaze ndani ya beseni la maji toka asubuhi mpaka mchana. Likitoka zima, msingi unachimbwa. Likiharibika kwa uzembe wa familia, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha ya kungoja, na familia ile inarudi mkiani.

Anayefuata kwenye orodha tulimjua. Alikuwa mama mmoja mnene, muuza ndagala, vile vidagaa vya ziwani, aliyekuja kila siku ya kazi na mwavuli mwekundu, akaketi juu ya jiwe karibu na marundo, akatuangalia. Hakufanya kitu kingine. Watu walimtania.

"Mama, leo unatuombea nani aanguke?"

"Mi simuombei mutu mabaya," alijibu. "Mi niko tu. Kama mutu ataanguka mwenyewe, anikute karibu."

Kazi yetu ilikuwa hivi: bibi anachekecha udongo, mama anaupima na kuujaza mashineni, mimi navuta mkono wa mashine. Mkono ule ni mrefu kuliko mimi. Wanaume wanauvuta mara moja, tofali linatoka. Mimi ilibidi niruke, niuning'inie kwa mikono yote miwili, miguu ikielea, mpaka ukubali kushuka, na kila nikiruka kuna mtu anahesabu kwa sauti. Siku ya kwanza nilitamani ardhi inifunike pamoja na matofali. Siku ya pili nilikuwa nimezoea, na ya tatu, Jumamosi, nilianza kuona raha. Tofali linapotoka linang'aa kidogo, lina pembe kali, linanukia kama mvua ya kwanza. Rundo letu lilikuwa la mwisho katika safu ya pili, nami niliandika kibao chake kwa mwandiko wangu mzuri wa daftarini. Jumamosi ile tulimaliza. Mama alilifunika rundo akalipapasa juu ya shitingi.

Sasa nafika Jumapili.

Baada ya misa bibi alisema twende kuyasalimu matofali. Mama alikuwa amebaki kuongea na wanakwaya wenzake, tukaenda wawili, bibi na gauni lake la kanisani na viazi vitamu alivyomfungia zamu. Zamu ni mlinzi wa kiwanja. Siku zisizo za kazi yeye ndiye aliyemwagia maji marundo yote, jioni. Alipokea viazi kwa mikono miwili, akambariki bibi, akarudi nyuma ya stoo ambako redio yake ilikuwa inatangaza mpira. Hatukumwona tena.

Bibi alifika kwenye rundo letu akainua pembe ya shitingi. Mvuke ukatoka. Matofali yalikuwa na majimaji, meusi kidogo, yametokwa na jasho kila upande. Uso wa bibi ulibadilika, kama mtu anayefunua mtoto akakuta ana homa.

"Yesu wangu. Yanaoza."

Mimi nilijua hayaozi. Naandika hivyo bila kujificha: nilijua. Nilikuwa nimesimama pale pale siku ya kwanza, nilisema maneno ya enjenyeri kwa midomo yangu, na jioni ile nikayanakili kwenye daftari na kupiga mstari chini yake.

"Shika huko, mama," bibi akaniambia. Akiwa na mapenzi huniita mama.

"Bibi," nikasema, "enjenyeri alisema..."

Lakini sauti yangu mnaijua, au labda hamuijui, kwa sababu hakuna anayeisikia. Bibi aligeuka akanipiga mgongoni taratibu. "Vumbi hili litatuua. Kohoa vizuri, lisikae kifuani."

Basi nikakohoa vizuri. Kisha nikashika pembe ya shitingi.

Tuliikunja ile plastiki kama watu wanaokunja shuka, tukakutana katikati, tukairudia, tukaiweka chini na jiwe juu yake ili upepo usiibebe. Bibi akakunja gauni lake, akaanza kuyapanga matofali upya, moja moja, kwa ubavu, akiacha nafasi ya vidole viwili kati ya moja na jingine ili hewa ipite. Nami nikawa nampa matofali. Kazi ilituchukua muda mrefu, jua limesimama juu ya vichwa vyetu. Tulipomaliza, rundo letu lilikuwa limepangika kuliko yote kiwanjani. Bibi alirudi nyuma hatua mbili kulitazama, akafurahi sana. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaimba nyimbo za Ekaristi, na mimi nilikuwa naitikia.

Jumatatu sikuthubutu kusema kitu. Nilijiambia zamu ataona, atafunika. Nilijiambia labda bibi ana haki, kwani nani amegusa matofali mengi zaidi, yeye au enjenyeri wa miaka ishirini na kitu? Nilijiambia mambo mengi. Kwenye daftari niliandika hali ya hewa.

Jumanne asubuhi mama na mimi tulitangulia, bibi akabaki nyuma kupika chai ya kutuletea. Tulipokaribia kiwanjani tulisikia kelele za enjenyeri kabla hatujamwona. Alikuwa amesimama mbele ya rundo letu. Tofali moja lilikuwa mkononi mwake, na kwa dole gumba tu alikuwa anakwangua pembe yake, na pembe ilikuwa inamwagika kama unga. Mengine yalikuwa na nyufa nyembamba, kama nywele. Yalikuwa meupe, makavu, na hayana maana yoyote.

"Ulikuwa wapi?" alikuwa anamuuliza zamu. "Siku mbili! Shitingi imekunjwa iko hapa, na we unapita tu?"

"Nilikuta vile, madamu. Mi nilidhani ni amri ya komini."

"Amri ya komini?"

"Yalipangwa vizuri sana," zamu akasema, na machozi yalikuwa karibu. "Mutu mubaya hapangi vizuri vile. Nikasema labda haya yamemaliza muda wake, yasimwagiwe."

Enjenyeri alifuta uso kwa kilemba. Kisha alimgeukia mama, na sauti yake ikawa laini. "Mama, usiogope. Hili si kosa lenu. Ni la ulinzi. Nitaandika ripoti, komini itawapa sementi nyingine, mtabana upya. Nafasi yenu iko." Na kwa zamu akasema, bila kumwangalia, "We, acha filimbi hapo mezani. Kesho usije."

Mama alishusha pumzi. "Mungu mukubwa," akasema, akanishika bega. Na juu ya jiwe lake mama wa mwavuli alisonya kwa masikitiko, kwa sababu kosa la mlinzi halimpi mtu nyumba.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi, hata mimi niliyepata alama mbaya za hisabati niliiona. Nikinyamaza, tuna nyumba. Nikisema, tunarudi mkiani, chumba cha nyuma, kufuli ya choo. Na kunyamaza ndiyo kazi niijuayo kuliko zote duniani. Zamu alikuwa anafungua kamba ya filimbi shingoni. Fundo lilikuwa gumu, vidole vyake havikuliweza, na alikuwa anajaribu tena na tena.

Nilimfuata enjenyeri nikamgusa mkono wa shati.

"Ni sisi," nikasema.

"Nini?"

"Ni bibi na mimi."

"Ongea, binti, mashine zinapiga kelele."

Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo. Na wakati ule ule, sijui ni bahati gani hii, kila mashine kiwanjani ilikuwa imetulia na kila mtu amenyamaza, nikapiga ukelele:

"NI BIBI NA MIMI! TULIYAANIKA!"

Ndege waliruka kwenye waya wa umeme. Watu wote waligeuka. Na kwenye njia, na birika mkononi na vikombe vimetundikwa kwenye vidole, bibi alikuwa anakuja na tabasamu.

"Eeh, mumeona?" akasema kwa furaha. "Yamekauka vizuri?"

Mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia, akapiga kicheko, akaambukiza wa pili, na hatimaye kiwanja kizima kilikuwa kinashika mbavu, hata zamu, na filimbi bado iko shingoni. Mama tu ndiye hakucheka. Alikuwa amekaa chini kwenye vumbi.

Mama wa mwavuli alisimama. Alikunja mwavuli wake, akakung'uta sketi. "Basi," akasema, "mi natoa pole. Naanzia wapi kubana?"

"Ngoja, mama," enjenyeri akasema. Hakumgombeza bibi. Alileta beseni, akalijaza maji, akaweka ndani tofali letu moja na moja la jirani lililokuwa bado chini ya shitingi, la siku ile ile. Tukakaa kuangalia. La jirani lilitoa viputo vichache, likatulia. Letu likaanza kuachia pembe zake. Maji yakawa mekundu, halafu mazito. Kabla chai haijapoa, bibi aliingiza mkono ndani ya beseni na kutoa tope.

Alilisugua kati ya vidole. Nilijua anaona nini. Sikuwa na haja ya kuuliza.

"Yangu yote yalikuwa hivi," akasema mwishowe. "Gatumba. Yalikuwa yanangoja maji tu."

"Bibi, yale hayakuwa na sementi," enjenyeri akasema taratibu. "Usingeweza kuyaokoa."

"Na haya yalikuwa nayo, nikaiua." Akanigeukia. "We ulijua?"

"Nilijua. Nilikwambia... kwa sauti ndogo."

"Nikadhani unakohoa!"

"Najua, bibi."

"Sasa we mutoto, siku nyingine ukiona nabomoa nyumba yetu, nipige kofi!"

Enjenyeri alitoa karatasi ya kanuni mfukoni, akaisoma mara mbili, akitafuna karanga polepole. Tulingoja. Mama wa mwavuli naye alingoja. Kanuni, akasema, inaongea juu ya siku ya beseni. Haisemi kitu juu ya Jumanne. Siku ya beseni ya safu ya pili iko wiki nne kamili baada ya Jumamosi inayokuja. Kama rundo letu lote litakuwa limebanwa upya kufikia Jumamosi hiyo, litapimwa kama marundo ya wengine. Kama halijakamilika, au likiharibika, nafasi inahama, na hapo yeye hana la kufanya.

"Na sementi?" mama akauliza kutoka chini alikokaa.

"Komini haitoi mara ya pili kwa kosa la familia. Labda mchukue ile ya sakafu yenu. Chumba kimoja kitabaki udongo mtupu."

"Sakafu ya udongo mi naijua," bibi akasema haraka. "Hiyo niachie. Hiyo siianiki."

Kwa zamu, bibi alikwenda mwenyewe kumuomba msamaha, mbele ya watu, akamfunga upya ile kamba ya filimbi, na enjenyeri akamrudishia kazi. Zamu akamwambia hana kinyongo, ila viazi vya Jumapili vilimfaa sana, kama vipo tena.

Siku tano zile sitazisahau. Tulivunja matofali yale mabovu, tukayaponda, tukayachekecha, kwa sababu udongo wenyewe bado ulifaa. Enjenyeri alituruhusu kuja hata siku zisizo za kazi. Niliruka kwenye mkono wa mashine mpaka viganja vikatoka malengelenge, mama akavifunga kwa vipande vya kitenge, nikaruka tena. Ijumaa mchana tulikuwa bado nyuma. Bibi alikuwa amechoka, anachekecha huku amekaa, na kokoto zilikuwa zinapita.

Juu ya jiwe, mama wa mwavuli alikuwa anajizungusha. Alisonya mara moja. Alisonya mara ya pili. Kisha akapiga kelele:

"Munachekecha vibaya! Yatapasuka haya!"

"Si ndiyo unataka?" mama akamjibu kwa hasira ya uchovu.

"Mi nataka nyumba, sitaki kuona kazi mbaya!" Akaja, akamnyang'anya bibi chekecheke, akachomeka mwavuli wake kwenye udongo ili bibi apate kivuli. Alichekecha Ijumaa ile mpaka jua kuzama, na Jumamosi akaja tena kabla yetu. Mama alimuuliza kwa nini. Alisema kukaa juu ya jiwe kunaumiza kiuno.

Tofali la mwisho nililivuta mimi, Jumamosi alasiri, watu wote wanahesabu.

Enjenyeri alinipa adhabu pia, maana alisema kosa langu lilikuwa kubwa kuliko la bibi. Kila asubuhi, kwa wiki nne, ilibidi nipite katikati ya safu zote tatu nikitangaza kwa sauti: maji, na funikeni! Asubuhi ya kwanza hakuna aliyenisikia. Asubuhi ya tatu zamu alinikopesha filimbi yake. Wiki ya pili sikuihitaji, na wiki ya tatu watu walikuwa wananijibu kutoka mbali, "Tumesikia, mama enjenyeri, tuache tunywe uji!" Bibi aliteuliwa na nafsi yake mwenyewe kuwa askari wa shitingi. Mtu akiinua pembe tu kuchungulia, anapigiwa kelele: "Funika! Unataka kuua sementi?"

Siku ya beseni bibi alivaa gauni la kanisani. Alitaka kuchagua tofali yeye. Enjenyeri akakataa, akachomoa moja kutoka katikati, pale ambapo mimi nilikuwa na wasiwasi zaidi, kwa sababu lilibanwa Ijumaa. Likazama. Bibi akavuta jiwe la mama wa mwavuli, wakakaa wote wawili mbele ya beseni, mabega yamegusana. Mimi nilikwenda mbali nikarudi, nikaenda nikarudi. Maji yalibaki maji. Ilipofika saa sita enjenyeri aliinua tofali, likidondosha matone, akampa bibi. Bibi akalikwangua kwa ukucha. Akalikwangua kwa nguvu zaidi. Kisha akaligonga kwa kidole, akaweka sikio.

"Huu," akasema, ingawa lilikuwa tofali moja tu, "ni ukuta."

Mama alilia. Mama wa mwavuli alitupongeza, akaufungua mwavuli wake, akahamia mbele ya safu ya tatu. Huko alipata nafasi: familia moja ilihamia Gitega kabla msingi haujachimbwa, na sasa yeye ni jirani yetu, mlango kwa mlango, na ndagala zake zinanuka mpaka kwetu.

Tulihamia mvua zilipoanza. Chumba changu, naandika neno hili polepole, chumba changu, ndicho chenye sakafu ya udongo. Bibi aliukanda, akaupiga kwa kipande cha mbao siku tatu, akausugua kwa jiwe laini mpaka ukang'aa. Wageni wanavua viatu kuugusa.

Na wageni ndio tatizo letu jipya. Jua likirudi katikati ya mvua, Bujumbura inakuwa sufuria, na watu wa Ngagara wamegundua kwamba kwetu saa nane mchana unaweza kukaa ndani bila kujipepea. Jumamosi iliyopita alikuja mke wa mjomba, "kusalimia kidogo." Akatumia choo, kisicho na kufuli. Akanywa maji. Akaegemeza mgongo wake kwenye ukuta, akafumba macho, akasema, "Eeh, huku kuna baridi nzuri."

Ikafika saa tisa. Ikafika saa kumi. Mama alinitazama, mimi nikamtazama bibi. Bibi alikohoa kidogo, akasema jua la barabarani sasa limepungua, mtu anaweza kutembea vizuri.

"Ndiyo, mama," mke wa mjomba akajibu bila kufumbua macho. "Nakwenda sasa hivi."

Mama akaenda kuongeza maji kwenye maharage, yatoshe na mgeni.